Duka la Baba Konyo Konyo: Tunawarithisha Watoto Biashara au Funguo Tu?



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo linalogusa nyumba nyingi za jamii yetu, hasa zile zenye baba, mjomba au kaka mwenye duka Konyo Konyo, mjini Juba. Jambo lenyewe ni elimu ya ujasiriamali katika biashara ya familia. Je, elimu hiyo inalisaidia duka la familia kushindana sokoni, au ni vyeti tu vya kutundika ukutani?

Tunalizungumzia kwa sababu malalamiko ni mengi. Ukikaa na wenye maduka baada ya swala ya Alasiri utasikia yale yale: wageni wameliteka soko, wateja hawana pesa, pauni haina thamani, ushuru umezidi. Yote hayo yana ukweli wake. Lakini liko swali ambalo halisikiki sana. Kwa nini katika mstari mmoja wa maduka, yenye mzigo ule ule uliopita barabara ile ile ya Nimule, duka moja linakua na la jirani yake linakonda? Na kwa nini duka lenye jina la baba mara nyingi halidumu baada ya baba kufariki?

Maoni yetu ni kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na kile ambacho familia inafundishana kwa makusudi na kukiandika. Duka ambalo hesabu yake yote imo kichwani mwa baba linashindana kwa nguvu za mtu mmoja. Siku mtu huyo akiugua, duka linaugua naye, na akifariki wanaobaki wanarithi funguo bila kurithi biashara.

SOKO LENYEWE LILIVYO

Kwa wale wasioijua Juba, Konyo Konyo ni katika masoko makongwe na makubwa ya mji huo, si mbali na Mto Nile na mtaa wa Malakia, ambao wakazi wake Waislamu ni wa miaka mingi. Msomaji wetu wa Kibera au wa Bombo, Uganda, akifika pale hatapotea, kwani Kinubi cha kwao na Kiarabu cha Juba ni ndugu wa karibu. Na Kiswahili pia kinasikika, kwa sababu wengi waliorudi nchini walikulia Kenya na Uganda wakati wa vita.

Baada ya mkataba wa amani wa Januari 2005 uliotiwa saini Nairobi, wafanyabiashara kutoka Uganda, Kenya, Ethiopia, Eritrea, Somalia na Darfur walimiminika Juba. Mwaka 2011 Sudan Kusini ikapata uhuru wake, na mwaka 2012 barabara ya lami ya kilomita 192 kutoka Nimule hadi Juba ikafunguliwa, ikarahisisha safari ya unga, sukari, mafuta ya kula, sabuni na mboga kutoka Uganda. Mwaka 2016 nchi ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Maana ya mambo hayo kwa mwenye duka ni moja. Zamani aliyeweza tu kuufikisha mzigo Juba alikuwa na uhakika wa kuuza, kwa sababu bidhaa zilikuwa chache. Siku hizi mzigo unaletwa na watu wengi, na simu ya mkononi inamjulisha kila mmoja bei ya Kampala asubuhi ile ile. Basi kuwa na mzigo peke yake si ushindi tena. Anayeshinda ni yule anayejua mzigo upi unatoka haraka, upi umelala, nani anadaiwa, na atauza kwa bei gani ili aweze kununua tena. Na haya ni mambo ya kujifunza, mtu hazaliwi nayo.

ELIMU GANI TUNAYOIKUSUDIA?

Tukisema elimu ya ujasiriamali, wapo watakaofikiria semina ya siku tatu hotelini, chai na sambusa, picha ya pamoja na cheti. Hatukusudii hiyo.

Watafiti wamelichunguza jambo hili na matokeo yao yanatufaa. Mnamo mwaka 2008 jijini Dar es Salaam, wateja wa taasisi ya mikopo ya PRIDE walipewa mafunzo ya biashara na walimu wa kituo cha ujasiriamali cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wengine wakapewa ruzuku ya fedha. Ilionekana kuwa mafunzo yaliwasaidia wanaume kwa kiasi kikubwa kuliko hiyo ruzuku. Kwa wanawake msaada ulikuwa mdogo zaidi, na hilo tutalirudia.

Mfano wa pili ni wa Lomé, nchini Togo, ambako wenye biashara ndogo wapatao 1,500 waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilifundishwa masomo ya kawaida ya hesabu na masoko. Kundi la pili lilifundishwa namna ya kujituma: kutazama mbele, kutafuta jambo ambalo jirani halifanyi, kutokata tamaa likitokea tatizo. Kundi la tatu halikupewa mafunzo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionesha kuwa faida ya wale wa kundi la pili ilipanda kwa asilimia 30 wakilinganishwa na wasiofundishwa, hali ya kuwa mafunzo ya kawaida hayakuleta ongezeko la kutegemewa.

Na katika Jamhuri ya Dominika ilionekana kuwa wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni chache nyepesi walinufaika kuliko waliofundishwa uhasibu kamili. Moja ya kanuni hizo ni rahisi kabisa: pesa ya biashara iwe katika droo yake na pesa ya nyumbani katika droo nyingine, na ukitoa huku kupeleka kule, andika.

Tunachojifunza ni kuwa elimu inayoliongezea duka nguvu za kushindana ni ile inayoingia ndani ya duka lenyewe, ikabadilisha namna pesa inavyoshikwa na namna maamuzi yanavyofanywa. Sasa tutaje mambo manne ambayo kwa maoni yetu kila familia yenye duka Konyo Konyo inapaswa kujifunza.

1. MFUKO WA DUKA NA MFUKO WA NYUMBANI

Katika maduka mengi ya familia mfuko ni mmoja. Ada ya shule inatoka hapo, dawa ya bibi inatoka hapo, mchango wa harusi ya binamu unatoka hapo, na mtoto akipita anachukua soda. Hakuna ubaya duka kuilisha familia, kwani ndiyo kazi yake. Tatizo ni kutoandika. Mwisho wa mwezi baba anaona pesa imepungua, asijue kama ni biashara imepata hasara au ni nyumba imekula zaidi ya ilichozalisha. Akidhani ni biashara, hupandisha bei, na wateja wakahamia kwa jirani.

Dawa yake ni baba kujipangia posho ya kila wiki kama anavyomlipa kijana wa kupakia mizigo. Matumizi ya nyumbani yatoke katika posho hiyo. Ikitokea dharura, ichukuliwe dukani lakini iandikwe kuwa ni deni la nyumba kwa duka. Daftari la kurasa mia moja na kalamu vinatosha.

2. BEI YA KUNUNULIA TENA

Hili ni somo la Sudan Kusini hasa. Mwezi Desemba 2015 serikali iliacha bei maalumu ya dola, na kwa siku moja dola ikapanda kutoka takriban pauni 3 hadi takriban pauni 18. Mwezi Oktoba 2016 mfumuko wa bei kwa mwaka ulipita asilimia 800. Mtu aliyeweka pauni 30,000 sandukuni mwaka 2015, kwa bei rasmi ya wakati ule alikuwa na zaidi ya dola 10,000. Leo, ambapo dola moja ni maelfu ya pauni, akiba hiyo haifiki dola 10.

Katika hali kama hiyo mfanyabiashara anaweza kuuza kwa "faida" kila siku na huku mtaji wake unaisha. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Mtu amenunua mfuko wa sukari kwa pauni 200,000 akauuza kwa pauni 230,000. Anamshukuru Allah kwa faida ya pauni 30,000 na anaipeleka nyumbani. Wiki ya pili akienda kununua mfuko mwingine anaambiwa ni pauni 240,000. Ukweli ni kuwa hakupata faida. Alipouza alikuwa tayari na upungufu wa pauni 10,000, na zile 30,000 alizozila zilikuwa ni mtaji. Sasa ana pauni 200,000 mkononi, na hawezi kununua mfuko mzima.

Yule jirani anayekua anauliza kila asubuhi: leo mfuko huu ukiisha, nitaununua tena kwa kiasi gani? Kisha ndipo anapanga bei. Hakai na pauni nyingi usiku, bali huzigeuza kuwa mzigo unaotoka haraka. Kijana wa darasa la saba anaweza kufundishwa hesabu hii kwa jioni moja, na inaweza kuliokoa duka la baba yake.

3. HESABU YA MWAKA, NA ZAKATI NI MWALIMU

Wataalamu wa biashara wanahimiza kuhesabu mali mara moja kwa mwaka, na wengi hulichukulia kuwa jambo la makampuni makubwa. Lakini Muislamu mwenye duka lililofikia nisabu, hesabu hii ni wajibu wake tangu zamani. Huwezi kutoa zakati ya mali ya biashara, asilimia 2.5, bila ya kujua una nini. Ni lazima uhesabu bidhaa zilizomo dukani na stoo kwa bei ya siku ile, uongeze pesa taslimu, uongeze madeni unayotarajia kulipwa, na utazame unachodaiwa. (Katika hukumu ya madeni wanazuoni wana maelezo yao, muulize sheikh wako.)

Naam, ukishaandika hayo katika karatasi moja, umeshapata hesabu ambayo benki ingekuomba au mshirika angetaka kuiona. Ukilinganisha karatasi ya mwaka huu na ya mwaka jana utajua kama duka linakua au linakufa polepole. La kusikitisha ni kuwa wapo wanaokadiria zakati kwa macho, wakatoa noti kadhaa mwezi wa Ramadhani wakaona wamemaliza. Wanaweza kuwa wamebakisha haki ya maskini, na pia wamejikosesha somo kubwa kabisa la biashara ambalo dini yao imewawekea kila mwaka.

4. NANI NI NANI KATIKA DUKA?

Hili ndilo zito kuliko yote, na ndilo linalovunja familia.

Kijana ameacha shule akiwa na miaka 16, akasimama na baba yake dukani miaka 15. Hakupewa mshahara, alikula na kuvaa, akaozeshwa. Ndugu zake wengine mmoja yuko Kampala, mwingine Khartoum kabla ya vita, dada yao ameolewa Yei. Baba anafariki. Sheria ya mirathi iko wazi: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, kisha warithi kila mmoja na fungu lake. Yule kijana wa dukani anasema, "Duka hili nimelijenga mimi." Ndugu zake wanasema, "Ni mali ya baba, sote ni sawa." Nani mkweli? Pengine wote ni wakweli. Lakini hakuna karatasi.

Alikuwa mwajiriwa? Basi kama palikuwa na makubaliano ya mshahara ambao hakulipwa, hilo ni deni linalolipwa kabla ya kugawa. Alikuwa mshirika? Basi sehemu yake si mirathi kabisa. Alikuwa akimsaidia mzazi wake tu kwa wema? Basi ujira wake uko kwa Mola wake, na dukani atachukua fungu lake kama ndugu zake. Majibu haya matatu yanatofautiana sana, na yote yanategemea neno ambalo baba hakulisema alipokuwa hai.

Na mama je? Aliuza dhahabu yake duka lilipoanza upya baada ya vita. Ilikuwa ni mkopo, zawadi au hisa? Ikiwa haikuandikwa, atahesabiwa thumuni yake ya mke mwenye watoto, na dhahabu yake imekwenda.

Hayakumpata mtu wa duka dogo peke yake. Kenya palikuwa na maduka makubwa ya Tuskys, yaliyoanzia katika duka dogo la Mzee Joram Kamau huko Rongai, Nakuru. Baada ya yeye kufariki mwaka 2002, biashara iliendelea kukua, lakini watoto wake wakafikia kushitakiana mahakamani, na kufikia mwaka 2020 madeni yalikuwa yameilemea na matawi yakawa yanafungwa. Naivas nayo ilianza kama biashara ya familia, ya Mzee Peter Mukuha, na nayo ilipata kesi ya ndugu mahakamani. Lakini mwaka 2020 familia hiyo iliingiza wawekezaji kutoka nje kwa sehemu ya hisa, jambo ambalo haliwezekani bila hesabu safi na mgawanyo unaoeleweka wa nani ana kiasi gani. Naivas imeendelea kufungua matawi. Tuskys imebaki kuwa historia.

Ushauri wetu: baba akae na familia yake, na shahidi mwaminifu, aandike nani ana nini na nani anafanya kazi kwa makubaliano gani. Aandike na madeni, anayodai na anayodaiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, aya ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Tunaisoma sana, tuitekeleze na dukani.

WANAOPINGA WANASEMAJE?

Kuna hoja tatu tunazozisikia, na ni haki kuzijibu.

Ya kwanza: "Mbona Bakhresa hakusoma?" Ni kweli, Said Salim Bakhresa, mzaliwa wa Zanzibar, inajulikana kuwa aliacha shule akiwa na miaka 14, na miaka ya sabini alikuwa na mgahawa mdogo Dar es Salaam. Leo bidhaa za Azam zimeenea Afrika Mashariki. Lakini tazama kilichofuata. Kampuni ile haiendeshwi kwa kumbukumbu za kichwani. Ina wahasibu na mameneja, na wanawe wamepewa nafasi za uongozi yeye mwenyewe akiwa hai. Alichokosa darasani alikijenga ndani ya biashara. Na kwa upande mwingine yupo Mohammed Dewji, ambaye baba yake alianzisha biashara, naye akasoma Chuo Kikuu cha Georgetown huko Marekani, akarudi kuikuza kampuni ya familia. Njia zao ni tofauti, lakini katika zote mbili elimu iliingia katika biashara.

Ya pili: "Elimu itazuia uporaji?" Hapana, haitazuia. Juba iliona vita Desemba 2013 na tena Julai 2016. Januari 2025, baada ya habari za kuuawa kwa raia wa Sudan Kusini huko Wad Madani, maduka ya ndugu zetu wa Sudan yaliporwa mjini Juba na roho za watu zikapotea, hadi ikatangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Mwaka 2021 madereva wa malori waligoma kwa mauaji yaliyotokea njiani, na mizigo ikakwama Elegu. Hakuna daftari linalozuia risasi. Lakini siku ya kuanza upya, mwenye orodha ya wadaiwa wake na jina zuri kwa wauzaji wa jumla wa Kampala ana pa kuanzia. Mwenye hesabu za kichwani anaanza na sifuri, na pengine wadaiwa wake wanasali safu moja naye, wala hakumbuki kiasi.

Ya tatu: "Wakisoma watatukimbia." Hofu hii tunaielewa. Lakini kijana hukimbia zaidi duka ambalo hana sauti ndani yake. Anatumwa, anakemewa mbele ya wateja, akiwa na wazo anaambiwa, "Wewe mtoto, unajua nini?" Mfundishe, mpe rafu moja aisimamie mwenyewe, aagize, apange bei, na faida yake aioneshe kwenye daftari. Akikosea atakuwa amekosea kwa rafu moja na wewe ukiwa hai wa kumuelekeza. Hiyo ni shule bora kuliko semina yoyote.

TAHADHARI KUHUSU SEMINA

Tusije tukaeleweka kuwa kila mafunzo ni kheri. Sudan Kusini yenyewe ina mfano. Ulikuwepo mpango wa kuwapa vijana mafunzo na ruzuku ya kuanzisha biashara. Mafunzo yakatolewa, lakini kwa sababu ya machafuko ruzuku zikasitishwa na wengi hawakuzipata. Watafiti waliowafuatilia waligundua kuwa waliopata fedha walinufaika, ama walioahidiwa wakakosa, hasa wanawake, hali yao ilirudi nyuma na imani yao kwa watu ikapungua.

Kwa hiyo wazazi, mtoto akija na habari ya mafunzo, ulizeni: atafundishwa nini hasa? Ameahidiwa nini? Akirudi, duka litampa nafasi ya kutumia alichojifunza? Kumsomesha kisha ukamrudisha kwenye duka ambalo hataruhusiwa kugusa daftari ni kumvunja moyo.

NA MABINTI PIA

Tulisema tutarudi kwenye suala la wanawake. Kwa nini mafunzo ya Dar es Salaam yaliwafaa kidogo zaidi? Kwa maoni yetu, mwanamke mara nyingi anafundishwa kitu halafu hana muda wala mamlaka ya kukifanya. Yeye ndiye anayekaa dukani baba akiwa safarini Kampala, ndiye anayemjua mteja gani analipa na yupi anazungusha, lakini bei inapopangwa haulizwi.

Hali ya kuwa tunamsimulia mtoto wetu habari za Bi Khadija (Radhiya Allahu 'anha), mfanyabiashara aliyekuwa na mali yake na msafara wake, akiwapa watu waaminifu mtaji kwenda nao Sham na kugawana nao faida, itakuwaje binti yetu asijue kusoma daftari la duka la baba yake? Mara ngapi mjane amekaa eda huku watu wakija mmoja mmoja kusema, "Marehemu nilikuwa namdai," naye hana njia ya kujua mkweli na muongo? Kumfundisha mke na binti hesabu za duka ni kuwalinda mayatima wa kesho.

TUANZE WAPI?

Tunapendekeza mambo machache yanayowezekana, bila kusubiri mfadhili:

- Wiki hii, nunua madaftari mawili. La kwanza ni la mauzo na manunuzi, la pili ni la madeni. Mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike wawe ndio waandishi, baba akague kila Ijumaa.

- Mwezi huu, kaeni kikao cha familia. Andikeni nani ni mwajiriwa, nani ni mshirika, nani ametoa mtaji. Nakala moja ikae nje ya duka, kwa mtu mwaminifu, kwani duka linaweza kuungua au kuporwa.

- Kabla ya Ramadhani, fanyeni hesabu kamili ya zakati kwa maandishi, na karatasi yake iwekwe.

- Madrasa zetu ziweke saa moja kwa wiki kwa wanafunzi wakubwa: hesabu ya faida kwa bei ya kununulia tena, uandishi wa madeni, na misingi ya mirathi na ushirika. Walimu wapo. Wafanyabiashara wazoefu waalikwe waeleze, na wasione haya kueleza walivyoanguka na walivyoinuka.

- Wenye maduka madogo wafikirie kununua mzigo kwa pamoja. Watu watano wakijaza lori moja wanapata bei ya jumla ambayo mmoja hawezi kuipata. Lakini hili nalo halisimami bila kuandikiana.

Ndugu wasomaji, hatuna uwezo wa kuiamuru pauni isianguke wala kuifanya barabara ya Nimule iwe salama. Lakini kilichomo ndani ya duka kiko mikononi mwetu. Baba anayeamka kabla ya Alfajiri kupokea mzigo, anafanya hivyo kwa ajili ya watoto wake. Basi na awape na elimu ya kile anachokifanya, angali hai na angali na nguvu, ili siku atakapoondoka wasibaki wakigombania funguo za duka lisilokuwa na kitu.

Kama una maoni au uzoefu katika jambo hili, usisite kutuletea, faida iwaenee wengine.

Tunamuomba Allah (Subhaanahu wa Ta'ala) azibariki biashara zetu, aziunganishe familia zetu, na ailetee Juba na Sudan zote mbili amani ya kudumu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.